Honda CG 125 ya marehemu mzee imekaa stoo zaidi ya miaka 10, nataka kuifufua na binti yangu, tuanzie wapi?

Kihonda_Moro:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa mafundi na wapenzi wa pikipiki za zamani, maelezo ni marefu kidogo mnivumilie.

Marehemu mzee wangu alikua bwana shamba huko milimani Mgeta, na miaka yote alikua anapanda na kushuka na Honda CG 125, ile yenye kava linalofunika mnyororo mzima. Alipostaafu akaisimamisha kwenye stoo ya mahindi na haikutoka tena humo, ni zaidi ya miaka 10 sasa. Mwezi uliopita nimeishusha mjini Morogoro juu ya fuso la kabichi, ipo hapa uani na kila anayepita anauliza chuma nauza kilo shingapi.

Hali yake ndo hii: kiki haishuki hata kidogo, imegoma kama imechomelewa. Tenki ndani kutu tupu na ile petroli ya zamani imeganda chini. Panya wamekula waya za taa zote na wamezaa ndani ya boksi la ea klina. Tairi zimepasuka, kiti kimebaki sponji. Ila fremu imenyooka, injini kwa ninavyojua haijawahi kufunguliwa, na kwenye kava la ubavuni kuna jina lake mzee aliandika mwenyewe kwa mkono na rangi nyeupe. Kadi nimeikuta kwenye sanduku lake, jina ni lake.

Sasa aliyeniingiza kwenye hili ni binti yangu, ana miaka 13 yuko form one. Babu yake alikua anambebaga mbele kwenye tenki akiwa mdogo kabisa, wala hakumbuki ila anasimuliwa. Akaniambia baba hii tusipeleke kwa fundi, tuitengeneze wenyewe wikiendi. Mimi ni mhasibu jamani, ufundi wangu unaishia kwenye kubadilisha plagi na kumwaga oili. Nimeita mafundi wawili waje waione, wote wanaongea na mimi tu, binti anauliza swali wanajibu wakiniangalia mimi, mmoja akamwambia kalete maji ya kunywa.

Kwahiyo naulizia: tuifungue yote mpaka ibaki fremu kama wanavyofanya wale wa YouTube au tuanze na injini kwanza? Hiyo injini iliyogoma inaachiaje bila kuvunja kitu? Na kazi gani mtoto wa umri huo anaweza kuzifanya mwenyewe kweli kweli, sio kushika tochi tu? Na rangi, tupulize upya au tuache ya zamani?

Chuma_Chakavu:

Mkuu ntakuambia ukweli ambao hutaupenda. Uza hiyo, ongezea hela, chukua Boxer au TVS mpya, mtoto utamfundisha kitu kingine. Pikipiki ya zamani inakula hela kidogo kidogo hadi unashtuka ushanunua mbili mpya. Nimeona wengi wameanza na moto, leo ziko kwenye viroba.

fundi_Msamvu:

@Chuma_Chakavu angekua anataka pikipiki ya kupiga kazi ningekuunga mkono, ila jamaa hajauliza usafiri, kauliza kazi ya kufanya na mwanae. Na amebahatika kwenye aina ya pikipiki. Ngoja nieleze maana watu hawajui hii Honda ni nini.

CG 125 ilianza kutoka katikati ya miaka ya 1970 na Honda waliitengeneza wakijua itaenda kwenye nchi ambazo mtu anapakia kupita uwezo na oili anabadilisha akikumbuka. Ndo maana injini yake haina taiming cheni (mnyororo wa ndani), kemu inayofungua valvu iko chini inazungushwa na gia na inasukuma valvu kwa pushi rodi, zile fimbo nyembamba. Ndo maana pia mnyororo umefunikwa wote, vumbi lisiingie. Wachina wakaja kuiga injini hiyo hiyo, kwahiyo Sanlg na T-Better nyingi unazoziona stendi hapo Msamvu ni wajukuu wa pikipiki ya baba yako. Faida yake ni kwamba gasketi, ringi, plate za klachi, kebo na vitu vingi utavipata dukani bila kuagiza popote. Ila uwe makini, kuna CG za 125, 150 na 200, hazilingani, na hata 125 za Kichina zenyewe kwa zenyewe zinapishana matundu. Usitaje jina dukani, beba kile kifaa cha zamani mkononi mlinganishe hapo hapo kaunta.

Swali la kufungua yote: USIFUNGUE YOTE. Viroba anavyosema jamaa hapo juu vinatokea hapo. Mtu anaifumua yote siku moja, mwezi wa pili hajui bolti hii ilikua ya wapi, mwezi wa tatu anaogopa hata kusogelea. Anza na kitu kimoja tu, injini izunguke, kisha iwake hata kwa tenki la chupa. Ikishawaka mtoto hamtamshika tena, na wewe pia utajua unaweka hela kwenye kitu kinachoishi.

Kugoma. Toa plagi, mwagia ndani ya silinda dizeli uliyochanganya na ATF, ile oili ya gia boksi ya gari la otomatiki, kidogo tu, ifunike pistoni, funika tundu na kitambaa safi uache siku kadhaa huku unaongezea ikipungua. Usipande juu ya kiki! Ukipiga kiki kwa nguvu kwenye injini iliyogoma unang'oa meno ya kiki ndani na hapo lazima upasue injini katikati. Weka stendi kubwa, ingiza gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma uwe unalitikisa mbele nyuma taratibu. Gia ya juu ndo inakupa nguvu ya kuzungusha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) kutokea kwenye tairi. Ikisogea hata kidogo tu ujue imeachia. Ikiachia funika tundu la plagi na kitambaa kabla hujaizungusha yote maana ile dizeli itaruka mpaka usoni.

Isipoachia fungua hedi (kichwa cha injini) na bloku, kwenye CG ni kazi ya mchana mmoja. Nati za hedi zilegeze kwa msalaba, robo robo, usimalize moja ndo uende nyingine. Pushi rodi ziwekee alama ya ingizo na ya eksozi, kila moja irudi kwake. Silinda ikiwa na mistari unayoisikia kwa kucha peleka ikachongwe, pistoni za kuongeza saizi zipo za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Pistoni ya kawaida ni milimita 56.5, mtoto apime mwenyewe na venia, hiyo ni hesabu ya shule kabisa.

Halafu kitu ambacho wengi wanapita: fungua kava la upande wa klachi, kuna kikombe kwenye ncha ya kranki kinachochuja oili kwa kuzunguka. Cha pikipiki ya miaka hiyo kitakua kimejaa matope meusi magumu. Kisafishe pamoja na ile wavu ya oili kabla hujawasha, la sivyo unatengeneza juu huku chini kunakufa.

Skrubu za Kijapani za nyota sio sawa na hizi bisibisi za nyota za kawaida, ncha zinatofautiana kidogo na ndo maana vichwa vinalika. Tafuta bisibisi ya kugonga na nyundo, gonga kwanza ndo uzungushe. Vile vipande vya aluminiam vikishalika nyuzi utajuta.

mama_K_Mbeya:

Kaka mimi nimefanya hii kazi na kijana wangu kwa Suzuki TF 125 iliyoachwa na mradi mmoja wa maji, na sio fundi pia, nina duka la vitenge. Wanaume hapa watakueleza injini, mimi nikueleze upande wa mtoto.

Kila mtoto wa nyumba ya Kiswahili ameshashika tochi. Baba yuko chini ya gari anafoka "mulika hapa, sio hapo", mtoto anatoka hapo hajajifunza kitu zaidi ya kuogopa. Nyumbani kwangu tuligeuza, mama ndo anashika tochi, spana iko kwa mtoto. Inachosha maana unamuona anahangaika dakika ishirini na nati ambayo wewe ungeifungua kwa moja, mkono unakuwasha kumpokonya, kaa kimya. Mwambie jambo moja tu la usalama ukiona hatari, basi.

Pili chagua kazi inayoanza na kuisha mchana huo huo. Kijana wangu alikua anakimbia kabisa kazi ya msasa, nusu saa tayari kichwa kinauma, tumbo linauma, kumbe ni msasa tu. Nikamuwekea kabureta mezani, trei ya mayai pembeni, kila skrubu tundu lake kwa mpangilio wa inavyotoka, anapiga picha kwa simu kila hatua. Hapo hakuinuka mpaka jioni. Msasa tukawa tunaufanya wote tukiwa tunasikiliza mpira redioni. Na mitihani ikifika funikeni turubai, pikipiki haikimbii.

Na hili la mafundi kumruka binti limenikera sana. Dawa yake ni hii, mkienda dukani au kwa fundi wa kuchonga, kifaa kiwe mkononi mwa binti na hela pia. Wewe simama nyuma uangalie simu. Muuzaji akikuangalia wewe mwambie mwenye pikipiki ni huyo. Mwanzo watacheka, ila anayetaja pistoni 0.25 ya CG bila kumeza mate watamjibu tu.

Za afya: huo mkojo wa panya usiupulize, vaeni barakoa na glavu, lowesha kwanza ndo ufute. Na bureki za zamani usipulize vumbi lake wala kulipiga brashi kavu, pedi za enzi hizo zilikua na asbesto. Kitambaa kibichi. Petroli ni nje tu, mbali na jiko la mkaa, na hii usimwachie peke yake hata kidogo.

Nduthi_Grogan:

Niaje wakubwa, nawasoma kutoka Nairobi. Hiyo CG ni nduthi ya heshima sana, budangu alikuwa nayo.

Kuhusu spea: fundi hapo juu amesema za China, sawa, lakini mjue Pakistan bado wanatengeneza CG 125 yenyewe mpaka leo, Atlas Honda, umbo ni lile lile karibu la zamani. Brazil pia walianza kuitoa 1976 pale Manaus na wao waliendelea nayo kwa miaka mingi. Kwa hivyo kitu kama kava ya mnyororo, tenki, madgadi, ukikosa ya kutosha vizuri ya China, uliza za Pakistan, zinakaribiana zaidi na ya Japani. Huku Kirinyaga Road, wengi bado tunaiita Grogan, ukizunguka na subira unakuta hata mitumba ya original, lakini uende na sampo na usionyeshe unaitaka sana.

Kabureta: ukiona ya zamani imeliwa na kutu ya ndani kabisa, zile za China zimeandikwa PZ26 watu wanafunga na inatembea. Lakini mimi ningesafisha ya mzee kwanza. Jeti, vile vitundu vya kupitisha mafuta, usichokore na waya wa chuma, tundu likipanuka hata kidogo inaanza kunywa mafuta. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwa waya wa stima, hiyo ni laini haikwaruzi.

Tairi, mtoi asome hizo namba za kiwandani pembeni. Zikiwa nne mwisho wa ule mstari unaoanza na herufi DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa tatu, hiyo tairi ni ya kabla ya 2000, hata ikikaa poa kwa macho usiipande.

Kihonda_Moro:

Daah asanteni sana, binti kasoma yote kwa sauti hapa sebuleni na mama K umepata mfuasi, kaniambia tochi ni yangu kuanzia leo. Chuma_Chakavu nimekuelewa pia, bajeti tumeiweka ya mwezi kwa mwezi na yeye ndo anaandika daftari, uhasibu huo angalau naujua.

Ameuliza maswali mawili. Kwanza tenki, tutoeje kutu bila kulikata, kuna mtu kamwambia atie asidi ya betri. Pili balbu tuliyoitoa nyuma imeandikwa 6V, na betri za dukani zote ni 12, inakuaje?

Vespa_ya_Unguja:

Asidi ya betri hapana, ndugu yangu, itakula na chuma kizima na mtoto atajiunguza. Sie huku kutu ndo jirani yetu, chombo ukikiacha karibu na bahari mvua moja tu kishageuka rangi, kwahiyo hili tumelizoea.

Ninyi mko Morogoro, mnapata molasi ya viwanda vya sukari kwa bei ya kulishia ng'ombe. Toeni koki ya mafuta, zibeni tundu, changanyeni molasi sehemu moja na maji sehemu kumi hivi, jazeni tenki mpaka juu, liacheni wiki mbili au zaidi. Inakula kutu na kuacha chuma. Ni ya polepole lakini haina hatari, ubaya wake harufu na sisimizi watakuja harusi nzima, liwekeni mbali na nyumba. Msitumbukize vitu vya aluminiam humo, kabureta na hedi vitaharibika. Mkikosa molasi siki nyeupe inafanya kazi kwa siku moja mbili, ila baada yake lazima msuuze na maji ya baking soda kuua ukali. Ikishakauka tu, saa hiyo hiyo, zungusheni oili na petroli kidogo ndani, mkichelewa hata usiku mmoja kutu imesharudi. Kama kuna kutu nene imeshikana, kabla ya yote tieni ndani viganja viwili vitatu vya nati na bolti pamoja na mafuta ya taa, fungeni tenki kwenye blanketi mulitikise kwa zamu. Watoto wanaipenda hiyo kazi.

Rangi nadhani hujajibiwa. Rai yangu usipulize. Osha, piga polishi, pale penye kutu tu ndo uguse. Lile jina kwenye kava mpuliza rangi atalifunika kwa sekunde tano na hakuna duka linalouza jingine.

fundi_Msamvu:

Kwenye rangi napingana kidogo na sheikh wa Unguja. Kava la ubavuni liacheni kama lilivyo, sawa, hilo hata mimi nisingeligusa. Ila fremu na swing'amu (mkono unaoshika tairi la nyuma) zikiwa na kutu inayochimba lazima isuguliwe mpaka chuma, praima, ndo rangi. Polishi haizuii kutu inayokula kiungo cha fremu, na huyo binti siku moja ataipanda. Tenki nje linaweza kubaki na makovu yake.

6V ni kawaida, CG za mwanzo zilikua volti 6 na pointi (kile kiswichi cha ndani kinachokata umeme ili plagi ipige cheche), za baadae ndo zikaja 12 na CDI, boksi la elektroniki linalofanya kazi hiyo hiyo. Kwa sasa msibadilishe. Pointi zinajitegemea kwa moto wa plagi, injini inawaka bila betri wala taa. Safisheni pointi kwa msasa laini sana, fuateni na kitambaa chenye spiriti, mwanya uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4, plagi 0.6 hadi 0.7, tapeti (mwanya wa valvu) zote mbili 0.08 injini ikiwa baridi kabisa. Nunueni fila geji, vile vijibati vya kupimia mwanya, ni bei rahisi na binti ndo awe mwenye nayo, macho yake ni mazuri kuliko yako. Jaribuni moto kwa kulaza plagi kwenye hedi, mkiwa mbali na petroli, mkiona cheche ya bluu mko vizuri, ya njano dhaifu angalieni kondensa kwanza kabla hamjanunua koili. Mkifika kwenye taa ndo muamue, wapo wanaobadilisha mfumo mzima uwe 12 kwa kufunga magneti ya Kichina pamoja na rektifaya yake, inafanyika, ila iwe mwisho.

Chuma_Chakavu:

Haya mmenishinda kwa wingi. Ila nakuachia swali moja la maana kuliko hizo molasi zenu, hiyo kadi ni ya marehemu. Siku ikiwaka utaipeleka barabarani kwa jina la nani? Trafiki hajali jina limeandikwa kwa mkono ubavuni.

mama_K_Mbeya:

Hapo umeongea la kweli. Kaka, kama mirathi ilifunguliwa, msimamizi wa mirathi ndo anaandika kuihamisha, mnaenda TRA (mamlaka ya mapato) na barua ya mahakama, ile kadi ya zamani na TIN yako, namba ya mlipakodi. Kama haikufunguliwa anzeni mahakama ya mwanzo sasa hivi wakati injini bado imegoma, maana karatasi zinachukua muda kuliko dizeli. Na waambie ndugu zako wengine kabisa mapema. Pikipiki ikiwa mbovu stoo ni mzigo wako, siku ikiwaka utashangaa ina wajomba wangapi.

Kihonda_Moro:

😂😂 hilo la wajomba limeshaanza, mdogo wangu kanipigia jana anaulizia "maendeleo". Msimamizi ni mama, barua ipo, wiki ijayo naenda kuulizia hatua za TRA.

Dizeli na ATF zimeshaingia tangu asubuhi. Binti anauliza, akishika tairi la nyuma anaweza kuanza kutikisa leo au asubiri?

fundi_Msamvu:

Asubiri mpaka Jumamosi ijayo, akiongezea kila jioni. Na kabla ya kutikisa achungulie tundu la plagi na tochi, kama dizeli imeshuka yote ina maana inapenya kwenye ringi, hiyo ni dalili nzuri. Kama imekaa pale pale haijapungua, aanze kutafuta soketi ya nati za hedi.